Lori Lavuja, na Barua Yake Haifiki

Wewe ukaaye kijijini wayajua malori kuliko watu wa mjini wanavyodhani. Ndiyo yatuleteayo mabati, saruji na chumvi; ndiyo yachukuayo mahindi, mpunga, ndizi na mkaa. Wakati wa mavuno lori hulala karibu na ghala, na asubuhi likiisha ondoka huacha alama yake chini, doa jeusi lenye ukubwa wa ungo. Watoto hulichorea kwa vijiti. Sisi wakubwa twapita tu na kusema, “Gari lile lavuja,” kama tusemavyo kwamba fulani ana kikohozi.

Leo nataka tusimame kidogo juu ya doa hilo.

Kwanza lazima tujue ni doa la nini. Maji ya rejeta hukauka upesi. Oili ya injini ni nzito na nyeusi, hukaa mahali pamoja. Lakini dizeli ni nyepesi, hutambaa mchangani, na harufu yake hubaki mkononi hata ukiisha nawa mara mbili. Ukiona doa la namna hiyo, au ukisikia harufu hiyo kabla lori halijawashwa, ujue kwamba mafuta yanatoka mahali ambapo hayana ruhusa ya kutoka.

Utingo akiambiwa habari hiyo hana wasiwasi. Huenda dukani akanunua kipande cha sabuni ya mche, akakisugua penye ufa wa tangi mpaka kimeziba. Nisiwacheke, maana dawa hiyo ina akili: sabuni huyeyuka kwa maji wala haiyeyuki kwa dizeli, na watu wengi wamefika safari zao kwa sabuni. Na bomba likipasuka hufungwa kwa ukanda wa mpira uliokatwa katika tyubu ya baiskeli. Ila sabuni ni ya kukufikisha kwa fundi, siyo ya kukufikisha Dar es Salaam na kurudi. Mvua ikinyesha, au gari likirukaruka katika barabara zetu hizi, sabuni hudondoka, na wala haisemi kwaheri.

Miaka michache iliyopita nilipanda lori la namna hiyo mimi mwenyewe. Lilikodiwa kupeleka magunia ya mahindi mjini, nami nikatumwa kufuatana nayo, na daftari ya kuhesabia mkononi. Juu ya magunia walikaa mzee mmoja na akina mama wawili wenye mahindi yao, jambo ambalo askari wa barabarani hawalitaki, na sisi sote tulilijua. Kabla ya kuondoka nilisikia harufu. Utingo akaingia chini ya gari na ukanda wa mpira, akatoka anapangusa mikono, akasema, “Tayari, karani.”

Tulipoanza kupanda mlima, moshi mweupe ukaingia ndani kupitia penye miguu. Dereva akasema ni vumbi. Baadaye kidogo akasema ni oili iliyomwagika jana. Ndipo mama mmoja huko juu akaanza kupiga paa la kabini kwa kiganja, pa, pa, pa, hata dereva akashika breki. Tukashuka. Bomba la mafuta, nene kama kidole, lilikuwa limesuguana na chuma kilicho kando yake mpaka likatoboka, na dizeli ilikuwa ikidondokea ekzosi. Tukamwaga mchanga kwa mikono na kwa kofia. Moto haukuwaka, Mungu ashukuriwe.

Fundi alikuja jioni kwa bodaboda. Akamulika kwa tochi, akalitazama lile tundu, akacheka. “Bomba hili,” akasema, “nimelibadili katika malori mengi ya namna hii. Yote hutoboka hapa hapa.”

Neno hilo, “hapa hapa,” halikunitoka. Maana lori moja likitoboka, twaweza kusema mwenyewe ni mzembe. Malori kumi yakitoboka, tutasema barabara ni mbaya. Lakini yakitoboka yote mahali pamoja, kana kwamba yamepatana, basi kosa hilo halikuzaliwa barabarani. Lilizaliwa kiwandani, katika meza ya mchoraji aliyepitisha bomba karibu mno na chuma, au mikononi mwa mtu aliyesahau kibanio kimoja.

Huenda utauliza, je, wenye viwanda hawana habari? Wanazo, na katika nchi nyingi sheria yawalazimu kuzitoa. Jambo lenyewe ndilo hili: kiwanda kikigundua, au kikiambiwa, kwamba magari yake ya aina fulani yana kosa la hatari, hupaswa kuiarifu Serikali, kisha kuwaandikia wenye magari hayo barua ya kuwaita: lete gari lako gereji yetu, tutalitengeneza bure. Huko Marekani sheria ya kuwaarifu wenye magari ilitungwa mwaka 1966, na mwaka 1974 ikaongezwa kwamba matengenezo yawe bila malipo. Huko Japani utaratibu wa namna hiyo ulianza mwaka 1969. Magari makubwa huitwa vilevile kama madogo, na kuvuja mafuta ni sababu mojawapo ya kuitwa. Mara nyingi dawa yake ni ndogo hata mtu ataona haya: kibanio kipya, bomba refu kidogo zaidi, nati iliyokazwa sawasawa.

Wengi, hata madereva, hawaamini kwamba dizeli yaweza kuteketeza gari, basi tueleze. Dereva mjuaji atakuonyesha: atamimina dizeli kidogo katika kopo, atatumbukiza njiti ya kiberiti, na njiti itazimika. “Waona?” atasema. “Hii si petroli.” Amesema kweli, ila amesema nusu. Petroli hutoa mvuke unaowaka hata siku ya baridi kali. Dizeli haitoi mvuke wa kutosha mpaka ipate moto wa nyuzi 50 na zaidi, ndiyo sababu ile ya koponi, iliyo baridi na imetulia, humeza njiti. Lakini chini ya kabini dizeli haikutulia koponi. Hapo pana ekzosi ambayo lori likipanda mlima na mzigo huweza kupita nyuzi 500, na dizeli ikigusa chuma chenye nyuzi 200 na kitu huweza kuwaka yenyewe, bila kiberiti wala cheche. Tena ikitoka katika tundu dogo kwa nguvu, haidondoki, hupulizika kama ukungu, na ukungu huo hushika moto upesi kuliko kimiminiko. (Usijaribu koponi nyumbani. Mwenye kujaribu huenda akakosea kopo.)

Na nguvu hiyo si mchezo. Katika injini za siku hizi pampu husukuma dizeli kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya upepo ulio katika tairi la lori. Hapa nataka vijana wetu walio utingo au wanafunzi wa gereji wasikilize vizuri. Bomba la nguvu likiwa na tundu la sindano, usilitafute kwa kidole huku injini inaunguruma. Mafuta yale hupenya ngozi kama sindano ya daktari, na hayaumi sana mwanzoni. Kijana huona kijidoa tu, akajifuta, akaendelea na kazi. Baada ya saa chache kidole huvimba na kuwa cheusi, na wako waliokatwa vidole kwa kuchelewa. Aliyepatwa aende hospitali saa ile ile, tena aseme wazi kwamba mafuta yameingia kwa nguvu, ili asipewe vidonge vya maumivu na kurudishwa nyumbani. Mafundi hodari hutumia kipande cha boksi: hukipitisha karibu na bomba, na kikilowa, ndipo pana tundu.

Sasa turudi kwenye barua. Tungependa kuamini kwamba kila kiwanda huandika barua zake kwa uaminifu. Wengi huandika. Lakini kuna habari moja ya Japani ambayo yatuhusu sisi hasa, kwa kuwa jina lenyewe tumelifanya neno la Kiswahili: Fuso.

Mwezi wa Julai 2000, baada ya mtu asiyetaja jina lake kuitonya Wizara, wakaguzi wa Serikali ya Japani waliingia katika ofisi za kampuni ya Mitsubishi Motors, ambayo wakati ule ndiyo iliyotengeneza na malori ya Fuso. Huko wakakuta malalamiko ya wateja yamefichwa, mengine katika chumba cha makabati ya nguo za wafanyakazi. Kampuni ilikuwa na mafungu mawili ya karatasi: yale ya kumwonyesha mkaguzi, na yale ya kuficha. Kasoro zilizofichwa zilikuwa za breki, za klachi, za mafuta kuvuja, na hata za matangi ya mafuta yaliyoweza kudondoka. Ikabainika baadaye kwamba mtindo huo ulikuwapo tangu mwaka 1977. Badala ya kutoa wito wa wazi, kampuni ilikuwa ikitengeneza gari la mteja mmoja mmoja kimya kimya, yule aliyepiga kelele. Asiyepiga kelele aliendelea kuendesha.

Mwaka ule magari mamia kwa maelfu yakaitwa, rais wa kampuni akajiuzulu, na watu wakadhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Mwezi wa Januari 2002, mjini Yokohama, gurudumu la lori la kampuni hiyo lilichomoka likiwa njiani, likamwua mama mmoja kijana aliyekuwa akitembea na watoto wake wawili. Kampuni ikasema kosa ni la mwenye lori, hakulitunza. Miezi tisa baadaye, mwezi wa Oktoba, dereva wa lori jingine akafa: kifuniko cha klachi kilivunjika, propela ikaanguka, ikakata mabomba ya breki, na lori likawa halina wa kulizuia. Mwaka 2004, baada ya malori kutenganishwa kuwa kampuni ya Mitsubishi Fuso, ndipo kampuni hiyo ilipokiri kwamba chuma cha katikati ya gurudumu kilikuwa dhaifu tangu kilipobuniwa, ikayaita malori yapata 112,000. Na mwezi wa Januari 2008 mahakama ya Yokohama ikamtia hatiani rais yule wa zamani wa Mitsubishi Motors na wenzake watatu kwa ajili ya kifo cha dereva, ingawa kifungo chao kiliahirishwa.

Sisemi hayo ili uliogope kila Fuso upitalo. Malori hayo yametulisha, na yanayotengenezwa leo si yale ya 1977. Nasema kwa sababu ya neno lile, “hakulitunza.” Ndilo jibu la kwanza analopewa mnyonge mahali po pote. Dereva wa kwetu gari likiungua naye huambiwa hivyo hivyo, na pengine ni kweli, na pengine si kweli, wala hakuna anayelinganisha gari lake na lile la jirani ili kuona kama yametoboka hapa hapa.

Tazama sasa safari ya barua. Lori latengenezwa Japani, lanunuliwa na kampuni ya huko, na jina la kampuni hiyo laandikwa. Baada ya miaka kumi lauzwa mnadani, lafutwa katika daftari ya magari ya Japani, lapakiwa melini. Lashuka Dar es Salaam. Mtu wa Dar es Salaam alinunua, anamwuzia mtu wa Iringa, naye anamwuzia mtu wa Njombe kwa maandishi ya karatasi moja na mashahidi wawili. Siku kiwanda kinapoandika barua ya wito, barua itamtafuta nani? Itakwenda kwa yule wa kwanza, naye atasema, “Lori lile niliuza.” Sisi tulio katika ofisi za parokia twaandika katika kitabu cha ubatizo hata ndoa ya mtu aliyefunga mbali, kwa kuwa parokia ya huko hutuletea habari, ili kitabu kimoja kimjue popote aendapo. Lori halina kitabu cha namna hiyo. Likivuka bahari limekuwa yatima.

Wala si malori machache. Mwaka 2020 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa hesabu ya magari madogo peke yake: kati ya mwaka 2015 na 2018 magari milioni 14 yaliyokwisha tumika yalitoka Ulaya, Japani na Marekani kwenda nchi nyingine, na fungu kubwa kuliko yote lilikuja Afrika. Malori hayamo katika hesabu hiyo, lakini njia yao ni moja.

Basi mwenye lori, au wewe mwenye jirani mwenye lori, au ushirika wenu uliochanga fedha mkanunua moja, mwaweza kufanya nini? Jambo la kwanza ni namba ya chesisi. Imeandikwa katika kadi ya gari, na imegongwa katika chuma chenyewe cha fremu. Soma zote mbili, uone kwamba zapatana. Zisipopatana una shida nyingine, kubwa kuliko hii. Viwanda vikubwa vina mahali katika intaneti ambapo mtu huandika namba hiyo na kuambiwa kama gari lake liliitwa, na kwa kosa gani. Kijana ye yote mwenye simu ya kisasa aweza kukusaidia. Mahali pengine maandishi ni ya Kijapani, lakini simu hizo hizo hutafsiri, vibaya vibaya, ila hueleweka. Ukikuta liliitwa, usishtuke. Huenda lilitengenezwa kabla halijauzwa. Andika sababu ya wito katika karatasi, umpelekee fundi wako, umwambie, “Nitazamie hapa.” Kupata matengenezo ya bure huku kwetu kwa gari lililoletwa na mtu binafsi si rahisi, sitaki kukudanganya. Lakini kujua mahali pa kutazama ni nusu ya kazi, na kibanio cha bomba bei yake ni ndogo kuliko gunia moja la mahindi.

Na gari likiwa lilinunuliwa jipya kwa wakala aliye hapa nchini, shauri ni jingine. Huyo anapaswa kujibu. Asipojibu, Tanzania tunayo Tume ya Ushindani, iliyowekwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na kumlinda mnunuzi ni katika kazi zake. Andika barua, weka nakala. Barua bila nakala ni maneno ya barabarani.

Limebaki neno moja, nalo sitalipamba. Mafuta yakimwagika, wako watu wetu wanaokimbia na madumu. Asubuhi ya tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaja kuchota, moto ukawaka, na waliokufa walizidi 100. Taifa likaomboleza siku tatu. Nchini Kenya, Sachangwan karibu na Molo, tarehe 31 Januari 2009, ikawa vivyo hivyo, na waliokufa nako walizidi 100. Huko Sange, Kivu Kusini katika Kongo, tarehe 2 Julai 2010, walikufa zaidi ya 230, na wengi wao hawakuchota hata tone. Walikuwa wamekaa wakitazama mpira wa Kombe la Dunia katika nyumba za karibu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kama maji usiyoyaona, huingia mitaroni na milangoni, ukitafuta jiko la mtu. Kwa hiyo kama lori limepinduka, nenda upande upepo unakotoka, mbali, uwachukue watoto, uzime jiko, wala usiwashe pikipiki ili kukimbia. Na mwanao akirudi na dumu usimsifu kwamba ni mchapakazi.

Lile lori letu lilifika mjini siku ya pili, saa nne asubuhi, na bomba jipya ambalo fundi alilivika kipande cha mpira mahali pale linaposuguana. Magunia yalikuwa kamili. Niliyahesabu mara mbili. Yule mama aliyepiga paa kwa kiganja hakupanda tena. Alikuja nyuma kwa basi, amelipa nauli yake mwenyewe, akalikuta gunia lake likimngoja.